Mashine Iliyopita Madhabahuni

Kristina aliomba jokofu. Aliliomba kwa jina, kwa sababu alifundishwa kwamba Mungu anapenda tutaje tunachohitaji, na hata rangi aliitaja, nyeupe, ingawa hakuwa na sababu ya kuchagua rangi. Alikuwa amenunua feni kwa Juzer, mwenye duka la vyombo vya umeme la Barabara ya Kumi na Mbili, akapewa kuponi ya bahati nasibu, maana duka lilikuwa linasherehekea miaka mingi tangu babu yake Juzer alifungue. Zawadi ya kwanza ilikuwa jokofu, ya tatu pasi. Ya pili ilikuwa nyuma ya kaunta, imefunikwa turubai, na hakuna aliyeiulizia.

Akipata jokofu angeuza barafu na maji baridi palepale nyumbani Mabawa. Asingelazimika kutoka kufua nguo za watu na kumwacha mumewe, Ernesti, peke yake mchana kutwa akiutazama ukuta. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya maombi yake. Jokofu lilikuwa la juujuu tu.

Siku ya bahati nasibu, Bi Batool, bibi yake Juzer, alifungwa kitambaa machoni na kuingiza mkono kwenye ndoo ya kuponi. Jokofu likaenda kwa mzee mmoja wa Pongwe. Bi Batool akaingiza mkono tena.

"Mama Kristina wa Mabawa!" Juzer alisoma. "Zawadi ya pili! Njoo mama, mbona unarudi nyuma?"

Turubai likavutwa. Chini yake palikuwa na sanduku la mbao lenye urefu wa mtu, limechorwa nyota na vimondo ubavuni, juu lina kioo kama cha televisheni, na mbele lina fimbo fupi yenye kichwa chekundu na vitufe pembeni yake. Juzer alichomeka waya, kioo kikawaka, muziki mwembamba ukajaa dukani.

"Gemu za zamani hizi, mama. Zaidi ya mia humo ndani. Mimi nimekua nazo Mombasa kwa mjomba, tumechapwa sana kwa ajili yake. Lakini hii haili sarafu, ni ya nyumbani. Unawasha, unacheza."

"Siwezi kubadilishana na jokofu?"

Watu walicheka. Yule mzee wa Pongwe akalikumbatia jokofu lake kama mtu anayeogopa kuibiwa mke.

"Basi hata pasi."

Bi Batool alikuwa ameshafungua kitambaa. "Mwanangu," alisema, "mkono wangu haukuona kitu. Aliyeona ni Mungu. Chukua ulichopewa."

Kristina alichukua. Sele, mwenye guta la magurudumu matatu la kubebea mizigo, aliipakia mashine na kuifunga kamba, na njia nzima hakufunga mdomo. "Mama, hii ukiiweka barazani, watoto wote wa Mabawa watakuletea mia mbili mbili. Ni kama dubwi tu."

"Koma, Sele. Endesha."

Dubwi ni zile mashine za kamari zilizoko kwenye mabaa na vibanda, zinazomeza sarafu za vijana na kuwatemea taa. Kristina aliitazama ile iliyo nyuma ya guta. Ni kweli, kwa mtu anayepita barabarani zilifanana.

*

Ernesti alizaliwa kwenye kambi ya mashamba ya mkonge, mtoto wa kibarua aliyetoka Njombe. Yeye mwenyewe alikua akawa mlishaji wa korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Kazi hiyo inataka mikono inayofikiri yenyewe. Jani linakuja, unalipokea, unaligeuza, unalilisha, na lingine limeshafika. Siku moja korona ilichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Vikabaki gumba na kidole cha mwisho.

Tangu siku ile mkono wa kulia ulikaa mfukoni. Alikula kwa kushoto, jambo lililomwaibisha mbele ya majirani, akaanza kula ndani. Akaacha salamu za mkono, na mwisho akaacha kanisa. Watu walidhani amemkasirikia Mungu. Kristina alijua sababu: kwenye Chakula cha Bwana mtu anapiga magoti na kukinga viganja viwili kupokea mkate. Ernesti hakutaka kukinga kile kiganja mbele ya mchungaji na waimba kwaya.

Mashine iliwekwa sebuleni na kufunikwa khanga. Ilikaa hivyo wiki nzima, na Kristina alipita kando yake kama anavyopita mtu kando ya mgeni asiyealikwa. Kisha jioni moja alirudi kutoka darasa la watu wazima, alikokuwa anajifunza kusoma na kuandika, akasikia muziki ule mwembamba tangu uchochoroni.

Ernesti alikuwa amesimama. Mkono wa kushoto umeshika fimbo. Mkono wa kulia ulikuwa nje ya mfuko, juu ya vitufe, gumba na kidole cha mwisho vikigonga kwa zamu. Kwenye kioo matofali ya rangi yalikuwa yanaanguka na yeye anayapanga yasiachiane nafasi.

"Ernesti," Kristina alisema taratibu. "Mkono wako."

"Vitufe viko viwili tu, mke wangu. Na mimi nina viwili." Hakugeuka. "Tazama hapa. Linakuja, unalipokea, unaligeuza. Ni korona hii. Tofauti yake haing'ati."

Kristina alikaa kwenye kigoda na daftari zake mapajani. Hakukumbuka mara ya mwisho mumewe kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Matofali yalipomshinda, kioo kilimwomba aandike herufi tatu za jina la mchezaji bora. Aliandika, akamwita mkewe asome.

"K. R. I," Kristina alisoma. "Kri. Mbona si jina lako?"

"Darasani kwenu umeshika namba ngapi?"

"Ya nane."

"Hapa wewe ni wa kwanza."

Alicheka mwenyewe, na Kristina akaenda jikoni kwa haraka ili asimwone anavyolia. Kwenye moshi wa mkaa alimwambia Mungu: Nisamehe, sikujua kwamba jokofu ni hili.

Miezi iliyofuata nyumba ilibadilika. Khadija, jirani mchoma vitumbua, alikuwa anakuja akishauza, mikono bado ina unga. "Ernesti, nipishe hapo! Jana zile ndege za kwenye gemu zimenitukana, leo nazitungua zote."

"Hujui kuzitungua, Khadija. Wewe unazipungia mkono kama unaziaga."

"Ndiyo, naziaga dunia!"

Ernesti alimwelekeza kwa mkono wa kulia. Alianza kushikia kikombe kwa mkono ule, kisha kufungia vifungo vya shati. Jumapili moja, Kristina akiwa anachukua Biblia mezani, alimwona amevaa viatu.

"Twende," Ernesti alisema. "Leo nitakinga."

Na alikinga. Alipiga magoti pale mbele, akafungua viganja vyote viwili, na mkate ukawekwa juu ya kile chenye vidole viwili. Hakuna aliyecheka. Kristina alisema amina kwa sauti hadi mwenzake wa kwaya akamgeukia.

*

Wiki ileile Mzee Noa alikuja kuwatembelea. Alikuwa mzee wa kanisa wa mtaa wao, fundi seremala, mtu mwenye sauti nzuri ambaye kila mwaka ndiye aliyenadi mazao siku ya Sikukuu ya Mavuno.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina. Karibu, Mzee Noa."

Alikaa. Alimshukuru Mungu kwa kumrudisha Ernesti kundini. Kisha akaitazama mashine, akatazama chini, akaitazama tena.

"Kaka Ernesti, watu wanasema. Wanasema nyumbani kwako kuna dubwi."

"Si dubwi," Kristina alisema. "Haina hata tundu la sarafu. Simama uizunguke, mzee, utafute."

"Mimi naamini, dada. Lakini mtu wa barabarani hasimami kuizunguka. Halafu ilikuja kwa bahati nasibu. Baraza la wazee limekaa. Wamesema maadamu iko humu ndani, kaka apumzike kidogo kupokea Chakula cha Bwana."

Kristina aliona bega la kulia la Ernesti likishuka, na mkono ukaanza safari yake kwenda mfukoni.

"Sasa mimi nimewatetea," Noa aliendelea upesi. "Nimewaambia kuna njia. Mavuno yanakuja. Ileteni mashine kama sadaka. Ipite madhabahuni, iombewe. Ikishatoka pale, nani tena ataiita dubwi? Kwenye mnada tunajua wenyewe tunavyofanya. Ndugu anainunua kwa kiasi cha heshima, anamrudishia mwenyewe. Mnarudi nayo nyumbani ikiwa safi."

Desturi hiyo waliijua. Mazao ya sadaka hunadiwa uwanjani baada ya ibada, na mara nyingi mtu hununua kuku wa mjane na kumrudishia palepale, wote wakapiga vigelegele. Ernesti mwenyewe, mwaka ambao mke wa Noa alilazwa, alimnunua jogoo wa Noa na kumrudishia kamba mkononi. Noa alilia siku ile mbele ya watu.

"Na utasema neno?" Kristina aliuliza. "Utawaeleza watu kwamba ni ya kurudishwa?"

"Mimi ndiye mnadi, dada. Neno ni langu."

Noa alipoondoka, Kristina alitaka kusema hapana. Lakini Ernesti alikuwa ameinama akiitazama ile hali ya mkono wake, nusu nje nusu mfukoni.

"Nataka kukinga tena," alisema. "Tuipeleke. Noa hawezi kunisahau."

*

Sele aliipeleka kanisani kwa guta. Mafundi walikuwa wamesimamisha nyumba ndogo ya ofisi ya usharika ubavuni mwa kanisa. Kuta zimekwisha, kenchi, zile mbao za kubeba paa, ziko juu, bati bado. Mashine iliingizwa ndani ya kanisa, ikawekwa mbele kati ya mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na kuku waliofungwa miguu. Mchungaji alinyoosha mikono na kuviombea vyote pamoja. Kristina alifumba macho kwa bidii zaidi ya siku zote. Alipofumbua, mashine ilikuwa palepale, nyota zake ubavuni, na jogoo mmoja aliyefunguka kamba ametua juu yake.

Uwanjani mnada ulichangamka. Watu wa nje walikuwepo pia, kama kawaida, maana mazao ya mavuno huwa mazuri. Khadija alikuja amevaa buibui lake jipya, kashika pochi kwapani.

"Nimevunja kibubu," alimnong'oneza Kristina. "Hao wenzako wa Jumuiya ya kanisani wakizubaa, mimi ninainunua na kuwarudishia. Kanisani au msikitini, gemu ni gemu."

Ndizi zikaenda. Kuku wakaenda, watatu wakarudishwa kwa wenyewe kwa vigelegele. Ndipo Noa akaiwekea mashine mkono begani kama rafiki.

"Haya wapendwa! Hii siyo ndizi, haiozi! Nani anaanza? Nani anampenda Bwana kwa elfu hamsini?"

Kristina alingoja lile neno. Noa hakulisema bado. Pengine baadaye.

Mtu wa Jumuiya alisema hamsini. Mwingine akasema sitini, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu. Khadija akasema themanini. Hakuna aliyepandisha tena, na Kristina alianza kutabasamu.

"Laki mbili."

Wote waligeuka. Alikuwa Zubeiri, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi na kidole chenye pete, anayemiliki madubwi ya mtaa mzima. Sele alikuwa amesimama nyuma yake akiangalia guta lake kana kwamba halijui.

"Laki mbili na kumi!" Khadija alisema. "Wewe Zubeiri, una mashine kila baa, hii ya nini? Hii ni ya mtu na mke wake!"

"Shangazi, shikamoo. Mimi naona mnada, sioni mtu na mke wake. Laki tatu."

Watu wakapiga mbinja. Khadija alifungua pochi, akachungulia ndani, akaifunga. Akawageukia wana Jumuiya. "Jamani, changeni! Mnaangalia nini?" Mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine alikuwa na shughuli kubwa ya kumfunga kuku wake upya.

"Mzee Noa," Kristina aliita. "Sema lile neno."

Noa alimsikia. Alimtazama, kisha akatazama kenchi za ofisi, mbao tupu juani, zilizoshinda hivyo misimu miwili huku kila Jumapili yeye akisimama kutangaza mchango wa bati. Kinywa chake kilifunguka.

"Laki tatu mara ya kwanza," alisema.

"Noa!" Ernesti aliita. Hakusema Mzee.

"Laki tatu mara ya pili. Wapendwa, huyu siye Zubeiri, huyu ni Bwana anaezeka nyumba yake! Mara ya tatu!"

Vigelegele vilipigwa. Zubeiri alitoa noti, na Sele akaanza kufungua kamba za guta.

Noa alikuja baadaye, uso umemshuka. "Dada, ningefanyaje? Mnikumbuke katika maombi. Hata hivyo kaka sasa yuko huru. Jumapili ijayo atapokea."

"Atapokea kwa mkono gani?" Kristina alimwuliza.

*

Jumapili iliyofuata Ernesti hakwenda. Wala iliyofuata. Alirudi kwenye kiti chake na ukuta wake, na pale sebuleni ilipokuwa mashine palibaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu. Kristina alizipiga deki kila siku na hazikutoka. Alifunga na kuomba. Khadija alileta vitumbua, akaleta na habari: Zubeiri ametoboa tundu la sarafu kwenye ile mashine na kuiweka kwenye kibanda chake kati ya madubwi mengine, pale njiani kuelekea kanisani. Aliijutia habari hiyo, kwa sababu Ernesti aliisikia.

Alianza kutoka asubuhi. Kristina alifurahi siku ya kwanza, akidhani anakwenda kutembea. Alipomfuata alimkuta kibandani, vijana wamemzunguka.

"Mama, mzee ni balaa!" Zubeiri alimwambia kwa heshima zote. "Anacheza bure, mimi ndiye ninayemtilia sarafu. Vijana wanakuja kumtazama."

Lakini vijana hawakutazama tu. Walikuwa wanawekeana dau. Huyu anasema mzee atavuka hatua ile, yule anasema hatavuka, na pesa zinapita juu ya bega la Ernesti. Yeye hakuziona. Aliona matofali. Vidole viwili vilikuwa vinagonga, na uso wake ulikuwa uleule wa sebuleni.

"Twende nyumbani, baba."

"Nikimaliza hii," alijibu, na kwa sauti yake Kristina alijua kwamba haina mwisho.

Ofisi ya usharika ilipata bati la rangi ya bluu. Siku ya kuifungua, Noa alisimama mbele na kusoma matangazo. La mwisho alilisoma haraka: ndugu Ernesti ameonekana mara kwa mara kwenye kibanda cha kamari, baraza limemweka chini ya marudi, hatashiriki Chakula cha Bwana mpaka atakapotubu na kurudishwa kundini. Safari hii hakuna aliyemsingizia. Kristina alikaa wima hadi baraka ya mwisho, akatoka bila kusalimiana.

Zubeiri naye alichoka. Vijana walihamia kubashiri mechi za mpira, hakuna tena aliyeweka dau kwa mzee wa matofali, na sarafu za bure zikakoma. Ernesti aliendelea kwenda. Alisimama tu mbele ya kioo, akitazama mchezo unavyojicheza wenyewe kabla mtu hajatumbukiza kitu.

Hivyo ndivyo Kristina alivyomkuta Jumapili moja, akiwa njiani kwenda ibadani, amevaa gauni la kwaya na bahasha yake ya sadaka imo ndani ya Biblia. Kengele ya kwanza ilikuwa imekwisha kulia. Kibanda kilikuwa kitupu. Ernesti amesimama mbele ya mashine yao, mkono wa kulia mfukoni hadi kifundoni.

"Umeamkaje?" Ernesti alimwuliza, kana kwamba hawakuamka kitanda kimoja.

"Nimeamka."

Kioo kilibadilika, kikaonyesha majina ya wachezaji bora. Zubeiri hakuwa ameyafuta. La kwanza juu kabisa, herufi tatu. Kristina alizisoma bila kuzitenganisha.

Alisimama. Kutoka kanisani wimbo wa kuanzia ulikuwa umeshika, na aliisikia nafasi yake kwenye sauti ya pili, tupu. Akaichomoa bahasha. Ilikuwa na jina lake, aliloliandika mwenyewe mwaka ule kwa mara ya kwanza badala ya kuandikiwa. Aliichana kwa juu, akamimina sarafu kiganjani.

Bwana, alisema moyoni, Wewe ulimpa mashine, na nyumba yako ikaichukua. Hizi ninampa yeye. Uziandike unapotaka.

"Toa mkono," alimwambia mumewe.

Ernesti alimtazama, akazitazama sarafu. Mkono ulitoka mfukoni polepole, ukafunguka. Alichukua moja kwa gumba na kidole cha mwisho, akaitumbukiza, na matofali yakaanza kuanguka. Kristina alivuta kigoda cha Zubeiri, akakaa kando yake, na sarafu zilizobaki akazishika mapajani, akimpa moja moja mpaka zikaisha.